Hereni ya Beberu wa Bibi

Mdogo wangu wa kiume alipotaka kuoa, mahari karibu yote ilikwenda kwa simu. Mkaja wa mama ulikwenda kwa simu, mablanketi ya wazee yalikwenda kwa simu, hata pombe ya ukoo, ambayo kwetu Uchagani ni kitu cha kubebwa kichwani na watu wanaoimba, ilikwenda kwa simu, ikajibiwa kwa ujumbe mfupi wa shukrani. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbuzi wa bibi, na bibi hakutaka kusikia habari za simu.

Bibi huyo ndiye aliyemlea mchumba wa mdogo wangu. Mama mtu alikuja Minnesota kusoma, akamwacha mtoto Machame kwa bibi, na mtoto akakulia kwenye migomba mpaka alipofikia umri wa kuitwa huku. Kwa hiyo kwenye ukoo ule kila mtu alikuwa na sauti, lakini sauti ya bibi ndiyo iliyokuwa na funguo. Yeye asipokubali, hakuna mjomba wala shangazi ambaye angethubutu kukubali. Sasa alikuwa amekuja kumtembelea binti yake Saint Paul, tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumanne, na kabla ya hapo alitaka mbuzi wake. Alimwambia mshenga wetu neno moja, naye akatuletea kama lilivyo: mbuzi wangu aje kwa miguu yake.

Alitoa na sifa. Awe beberu, mweusi tii, mwenye ndevu na pembe zote mbili, na asiwe na kilema.

Mtu atauliza kwa nini tulikwenda kumtafuta Wisconsin wakati Minnesota mbuzi wamejaa. Aulizwe mdogo wangu. Yeye ni nesi kwenye kliniki iliyoko ng'ambo ya mto St. Croix, ambao ndio mpaka wa majimbo haya mawili, na nesi mwenzake anafuga mbuzi. Nyama ya mbuzi unaipata mtaani Cedar-Riverside, Minneapolis, hata ukiwa umefumba macho, lakini ukianza kumwuliza muuza nyama habari za ndevu anakuangalia kama mtu aliyeruka dozi. Yule nesi alikuwa na beberu mweusi mwenye ndevu za kiongozi wa dini. Mdogo wangu akapiga picha, akatuma, bibi akavaa miwani na kusema huyo anafaa. Baada ya hapo hapakuwa na mbuzi mwingine duniani.

Ndipo mwenye mbuzi akatuambia habari ya cheti. Mbuzi havuki mpaka wa jimbo hivi hivi. Lazima daktari wa mifugo ampime, aandike kwamba hana ugonjwa wa kuambukiza, ataje anatoka wapi na anakwenda wapi, na aandike namba ya hereni iliyoko sikioni mwake. Mdogo wangu alikata tamaa. Mimi nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwenye kazi yake, kwa sababu niliitwa kwenye kazi yangu. Ofisi yetu iko Plymouth, tunatengeneza vifaa vya hospitali, na mimi nalipwa kuhakikisha kwamba karatasi na kitu vinalingana. Sanduku likiwa na namba hii na karatasi ikawa na namba ile, sanduku haliondoki, hata meneja alie. Nyumbani wananiita dada wa karatasi, na hawanisifii.

Daktari alikuja Ijumaa. Alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka, lakini mwenye macho ya mtu anayecheka akifika nyumbani. Alimfunua beberu macho, akampapasa koo, akamsikiliza kifua, kisha akamchomeka kipimajoto mahali ambapo beberu hakutarajia. Mdogo wangu, ambaye kila siku anafanya makubwa kuliko hayo kwa binadamu, aligeuka akaangalia mahindi.

Tulipofika kwenye sehemu ya sababu ya safari, tukakwama. Cheti kilitaka kujua kama mnyama anakwenda kuchinjwa, kuzalisha, kufugwa au kwenye maonyesho. Nikamweleza daktari kwamba anakwenda kwa bibi wa mchumba wa ndugu yangu ili tukubaliwe. Daktari akafikiri. Akaniuliza kama bibi atamla. Nikasema hapana, si mara moja. Akauliza kama bibi ana majike. Nikasema hana, ni mgeni. Akauliza basi beberu atafanya nini huko. Nikajibu kwamba atasimama, watu watamwangalia, watapiga vigelegele. Kwa haki kabisa hayo yalikuwa maonyesho, lakini nilijua kuna watu wakali kwenye ukoo ule na sikutaka siku moja wasome hivyo. Nikamwomba aandike kufugwa. Nyumba ya mama wa mchumba ilikuwa nje kidogo ya Saint Paul, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kufuga, kwa hiyo hatukumdanganya mtu. Akasaini. Nikalinganisha namba ya kwenye cheti na namba ya kwenye hereni, tarakimu kwa tarakimu, nikajisikia raha ambayo watu wengine wanaipata kanisani.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kumchukua, na hapo ndipo tulipofanya kosa la kwenda na mshenga.

Mshenga wetu ni mzee mmoja wa St. Louis Park, mhasibu mstaafu, tunamwita mjomba ingawa si wa damu. Ana suti maalumu ya mahari. Anajua namna ya kuingia kwenye nyumba ya wakwe, mguu upi utangulie, nani aketi wapi, na huwa hachoki kukueleza. Kazi yake ilikuwa kutusubiri Saint Paul, lakini alisema mshenga hawezi kufikisha mzigo ambao hakuuona unapotoka. Akaja na suti yake mpaka kwenye samadi.

Mwenye mbuzi akatukaribisha kahawa jikoni. Mimi na mdogo wangu tukaingia, mjomba akasema anabaki kumkagua mnyama. Akamkagua kweli. Akaona ndevu, akaridhika, akaona pembe, akaridhika, kisha akaona sikio. Beberu wa mahari amevaa hereni ya plastiki yenye namba. Kwa mjomba hiyo haikuwa hereni, ilikuwa alama ya mwenye mali. Kwetu hupeleki kwa wakwe mnyama mwenye alama ya mtu mwingine, kwa sababu maana yake umemwazima, na anayeoa kwa mnyama wa kuazima ataambiwa hivyo mpaka wajukuu wake wazeeke. Mjomba akaona aibu inakuja, akaona sisi watoto wa juzi hatuijui, akaamua kutuokoa. Kwenye gari alikuwa na koleo la kukatia waya. Akakata.

Tulipotoka na vikombe vyetu, tulimkuta amesimama kando ya beberu akiwa na uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa. Nikatoa cheti kwenye bahasha nilinganishe kwa mara ya mwisho, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikashika sikio la kulia, hakuna kitu. Nikashika la kushoto, hakuna kitu. Nikarudi la kulia, nikaona tundu, na pembeni ya tundu mkwaruzo na damu kidogo, maana beberu alikuwa amegeuza kichwa koleo likiwa kazini.

Mjomba akafungua kiganja. Hereni ilikuwa vipande viwili.

"Nimewasitiri," akasema.

Sijui kama niliwahi kukasirika namna ile na bado nikaita mtu mjomba. Nilimwuliza, kwa adabu yote, kama anajua kwamba cheti nilichoshika sasa ni cha mbuzi ambaye hayupo duniani. Akasema mbuzi huyu hapa, kila mtu anamwona. Nikasema karatasi haimwoni. Akasema karatasi haiolewi. Mdogo wangu akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mimi, mtu wa karatasi, nakiri kwamba shetani alinijia na gundi. Nilivishika vile vipande viwili nikaona vinaungana vizuri. Mwenye mbuzi alikuwa ameniona. Watu wa huku hawana neno hapana. Akaangalia mbali, akavuta pumzi, akasema labda, pengine, yeye binafsi hana hakika kama hilo ni wazo zuri. Ukiwa mgeni utadhani anakaribisha mjadala. Kumbe ndiyo hapana kubwa kuliko zote, na baada yake hakuna rufaa. Jina lake lilikuwa kwenye cheti, mbuzi wake wote walikuwa kwenye jina hilo, na beberu hatatoka mpaka daktari amvishe hereni nyingine na kuandika upya. Tukampigia daktari. Daktari alikuwa kaskazini anavua samaki, anarudi Jumatano.

Na bibi alikuwa anaondoka Jumanne.

Tuliondoka na kizimba kitupu nyuma ya pikapu ya kuazima. Mdogo wangu ndiye aliyeendesha. Mjomba alisema mara mbili kwamba kule kwetu hakuna haja ya cheti, mara ya tatu nikamwomba aangalie mandhari. Simu ilianza kulia. Wakwe walikuwa wamepika, ndizi zilikuwa tayari, bibi ameshaketi na kanga yake mpya, tuko wapi?

Mdogo wangu ndiye aliyenivunja moyo. Alisema polepole kwamba bora tugeuze tukawaambie tarehe imeahirishwa. Nikamwuliza imeahirishwa mpaka lini, na bibi wa miaka ile atarudi lini. Niliona macho yake yamejaa machozi. Nilimbeba mtoto huyu mgongoni. Hasira yangu yote ikahama kwa mjomba ikaja kukaa kwenye akili, ambako ina faida zaidi, na akili ikaniletea isale.

Isale ni mmea wetu, majani marefu ya kijani, wazee wanaupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, anapaswa kukusikiliza na kukusamehe, hata kama moyo wake unachemka. Ukilikataa isale, ukoo mzima unakushangaa. Tulichohitaji kilikuwa jani moja. Na jani nilijua liliko. Kwenye mapokezi ya ofisi yetu Plymouth kuna chungu kikubwa cha mmea ule ule, umewekwa hapo na wapamba ofisi ambao hawana habari kwamba wametuwekea mahakama. Mimi kila asubuhi naupita, na siku nikichelewa huwa naupa heshima kidogo.

Kwa hiyo tukaipita njia ya kwenda kwa wakwe, tukaivuka Saint Paul, tukaivuka Minneapolis, na watu wakiwa wanasubiri kule nyuma yetu sisi tukaenda Plymouth. Mjomba alipinga. Alisema isale la ofisini si isale, linatakiwa litoke kihambani. Nikamwambia mimi kihamba changu ndicho hiki, nimekilima miaka mingi. Mlinzi wa Jumamosi aliniuliza nimesahau nini. Nikasema nimesahau jani. Akaangalia kitambulisho changu, akaangalia suti ya mjomba yenye samadi kwenye pindo, akaona ni afadhali asiulize zaidi. Nilichagua jani la juu lisilo na doa, nikaliomba radhi, nikalichuma.

Kwenye gari mjomba alilipokea kwa mikono miwili bila kuambiwa. Tabia zake nyingi naweza kuzisema vibaya, lakini alijua kwamba aliyekata ndiye anayebeba.

Tulipoingia, vigelegele vilianza, kisha vikapungua kimoja kimoja kadiri watu walivyotazama nyuma yetu na kuona hakuna mtu mwenye pembe. Vijana wa nyumba ile, ambao Kiswahili wanakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, walikuwa wameandaa simu zao kupiga picha za beberu, wakazishusha. Bibi alikuwa kwenye kiti cha katikati. Tukamwamkia, akaitikia shikamoo ya kila mmoja bila haraka. Kisha akauliza.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

Mjomba akapiga goti na suti yake. Hotuba yake ya mahari huwa ndefu, ina mito na milima. Siku ile alisema kwa kifupi kwamba amemkata beberu hereni akidhani anaondoa aibu, na sasa beberu amezuiwa na serikali ya Marekani. Akanyoosha jani.

Bibi alilipokea. Akalinusa. Akalipitisha vidoleni, maana lilikuwa linang'aa kupita kiasi, wapamba ofisi huwa wanayapangusa majani kwa dawa.

"Isale lenu linanukia sabuni," akasema. Lakini alishaliweka mapajani, na kila mtu alijua hatalirudisha.

Kisha akataka kuona hiyo karatasi iliyomshinda beberu nguvu. Nikaketi kwenye zulia miguuni pake, nikamsomea yote kwa Kiswahili. Daktari amemwangalia macho, ni safi. Amesikiliza kifua, ni kizima. Hana kidonda wala upele, hakuwa nacho mpaka jana. Amezaliwa kwenye shamba hili, anakwenda kwenye nyumba hii. Bibi aliitikia kwa kichwa kila jambo, akaonekana anaipenda karatasi ile kuliko alivyopenda picha. Akauliza kama kila mbuzi anaandikwa hivi. Nikasema kila anayevuka. Akamgeukia mdogo wangu, akamwambia asogee kwenye mwanga. Akamvuta kope la chini kama alivyofanya daktari. Akamwambia afungue kinywa. Watu wakaanza kucheka, mdogo wangu akafungua kinywa, nesi mzima, na bibi akatangaza kwamba meno yapo.

Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwenye sababu ya safari, bibi akainua kidole.

"Hilo swali nalijua," akasema.

Akasimulia, si kwa uchungu, kwa namna ya mtu anayesimulia mvua ya zamani. Alipoomba viza mara ya kwanza, kwenye dirisha la ubalozi waliulizwa wote swali hilo, na yeye akasema anakwenda kumwona mjukuu wake. Wakamnyima. Alirudi Machame kwa basi, akakaa mwaka mzima akifikiri ni wapi alikosea. Mara ya pili alisema anakwenda kumwona mjukuu wake na atarudi, kwa kuwa ana ng'ombe na migomba isiyojipalilia. Wakampa. Kwa hiyo alijua kwamba swali lile lina jibu moja la kweli na majibu mengi ya kukupotezea mwaka.

Akaniuliza cheti kinatoa nafasi gani. Nikamwambia kuchinjwa, kuzalisha, kufugwa, maonyesho. Akamwangalia mdogo wangu, ambaye bado alikuwa amesimama kwenye mwanga.

"Na wewe mjukuu wangu unampeleka wapi? Kuchinjwa, kuzalisha, kufugwa, au maonyesho?"

Shangazi mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba akakohoa, hiyo ikiwa ishara ya mshenga kwamba atajibu kwa niaba, na bibi akamtuliza kwa lile jani bila hata kumtazama. Mdogo wangu hajui kusema mbele ya watu. Mambo yote ya maneno tangu utoto nimemfanyia mimi. Nilitamani kumnong'oneza, lakini sikuwa na cha kumnong'oneza.

"Simpeleki popote, bibi," akasema. "Naomba niwe nakaa alipo."

Bibi alikunja cheti kwa mikunjo yake ya zamani, akakitia kwenye fundo la kanga, akasema chakula kinapoa. Tulikula. Hakuna aliyejua kama tumekubaliwa au tumelishwa tu. Mahari bila mbuzi haijakamilika, mbuzi hawezi kuja, na bibi kumfuata mbuzi kwa miguu yake ilikuwa haiwezekani kabisa. Upande wa mke haufuati mahari. Ukiifuata, watasema mlikuwa na haraka ya kumtoa binti. Mjomba mwenyewe alituambia hivyo jikoni, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

Jumapili baada ya ibada simu yangu ililia. Alikuwa mama wa mchumba, sauti yake ina kicheko anachokizuia. Alisema bibi anauliza kama tunaweza kumpitia kwa gari. Nikauliza aende wapi. Akasema bibi amesikia kwamba Wisconsin kuna mtu ameumia sikio, na anataka kwenda kumpa pole.

Nilikaa kitako nikacheka peke yangu. Kwenda kumwona mgonjwa hakuna aibu kwa ukoo wowote. Hata adui unakwenda kumwona akiugua.

Mjomba na mdogo wangu walikaa nyuma, bibi alikaa kiti cha mbele, na pochi yake mapajani, na chupa ya chai, na mkate, maana kwa mgonjwa hutokei mikono mitupu. Tulipokaribia mto nikamwambia ndio mpaka. Akavuta kanga vizuri, akatafuta pasi yake ya kusafiria kwenye pochi, akaishika tayari mkononi. Tukavuka daraja. Hapakuwa na geti, hapakuwa na askari, palikuwa na kibao tu cha kutukaribisha. Bibi aliendelea kuishika ile pasi mpaka nilipomwambia kwamba tumeshapita zamani. Akageuka akatazama nyuma.

"Kumbe ni mbuzi tu wanaoulizwa," akasema, na akairudisha.

Kwenye zizi alimsalimia mwenye mbuzi kwa Kiswahili, mwenye mbuzi akamsalimia kwa Kiingereza, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha bibi akaingia kwa beberu. Hakuogopa pembe. Akamshika ndevu, akamgeuza kichwa, akaangalia sikio, akamwambia pole baba, pole sana. Akampa mkate. Mjomba alikuwa amesimama nje ya uzio na suti iliyofuliwa usiku uliopita, akijitahidi kuonekana kama mtu aliyepita njia. Bibi akalitoa jani kwenye pochi, lile lile, likiwa limelegea kidogo, akalizungusha kwenye pembe ya beberu na kulifunga fundo. Hapo mjomba akajua kwamba tumekubaliwa, na mimi nikajua, na mdogo wangu akageuka tena kuangalia mahindi.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari bibi aliniegemea mkono. Niliuliza jambo lililokuwa linaniwasha tangu mwanzo, kwamba mbuzi wa nini hasa, mtu anayeondoka Jumanne. Akanijibu kwamba hakuwa na haja ya mbuzi, nyumbani anao. Pesa za simu zinaingia hata kama aliyetuma amelala. Alitaka kuona kama kuna watu watakaohangaika kwa ajili ya mtoto wake, naye ametuona tunahangaika mpaka tukaiba majani. Nikamwambia hatukuiba, tuliazima. Akasema basi tupande isale letu, na likishakua tumrudishie mwenyewe jani lake.

Akaagiza beberu abaki palepale mpaka siku ya harusi, asichinjwe, sikio lipone. Yeye angeomba viza tena, na kutoka Saint Paul angekuja kumchukua, waingie harusini pamoja. Jumanne akapanda ndege na cheti chetu kwenye fundo la kanga.

Baba yangu alianza kulalamika kwa simu kutoka Uchagani kabla mwezi haujaisha. Bibi alikuwa amewaonyesha wanawake wenzake kile cheti, na sasa Machame nzima ilikuwa inajua kwamba Marekani mbuzi wa mahari anapimwa na daktari na kuandikwa. Bwana harusi mmoja wa jirani aliambiwa arudi na barua ya bwana mifugo. Mwingine aliulizwa sababu ya safari mbele ya wazee, akasema kuzalisha, akapewa wiki ya kufikiri upya.

Harusi ilikuwa kiangazi kilichofuata, kwenye uwanja wa nyumba ile ile nje ya Saint Paul. Daktari yule yule alimvisha beberu hereni mpya, akampima, na kwenye sababu ya safari, mara hii nikamwambia aandike ukweli. Akaandika maonyesho. Nikalinganisha namba. Mjomba tulimpokonya koleo mapema. Beberu alivuka mto kwenye pikapu, akashuka kwa miguu yake, akatembea katikati ya wageni na jani jipya la isale kwenye pembe, na chakula chake hakikuwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa wa harusi za kwetu, wala pilau, alikula maua ya meza kuu.

Bibi hakuwepo. Alikwenda tena kwenye dirisha, akaulizwa sababu ya safari, akajibu vile vile kwamba anakwenda kumwona mjukuu wake na atarudi kwenye migomba yake. Jibu lilikuwa la kweli, na safari hii halikutosha.

Tulimpigia kwa simu ya picha. Nikaipeleka simu mbele ya bwana harusi na bibi harusi, akawabariki, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akasema nimwonyeshe yule mwingine. Nikachuchumaa kwenye nyasi, nikaishika simu karibu na ndevu. Beberu akatafuna. Bibi akaangalia sikio lililopona na hereni yake.

"Afadhali wewe," akamwambia. "Wewe wamekupa karatasi."